Karatasi Iliyofika Baada ya Kilio



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu akiba, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo hatukulijibu kwa sababu jua lilikuwa limeshuka na mbu wameanza kazi yao. Aliuliza hivi: “Ni kweli kwamba kule Tanzania wanaweza kutambua kanseri ya mtoto kwa damu tu, bila kumkata nyama?” Wengine walicheka. Wengine walinyamaza, kwa sababu walijua anauliza nini na kwa nini. Tuliahidi kulijibu humu. Ili tulijibu vizuri inatubidi turudi kwanza kwenye jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Mama yake ni mwenzetu katika MUSO tangu mwanzo, naye ametupa ruhusa ya kuandika, ila jina la mtoto lisitajwe, kwa kuwa nyumbani kwao halijaitwa tena tangu siku ile.

Ilianza na jino. Ilikuwa wakati wa kuvuna mupunga, sisi sote tuko mashambani toka alfajiri, na mtoto akakataa mahindi ya kuchoma. Alisema jino linacheza. Mtoto wa miaka sita, jino kucheza si ajabu, meno ya utoto yanatoka. Mama yake alituuliza, nasi tunaoandika haya tulimjibu: ni jino tu, ngoja. Hatutaki mtu mwingine abebe neno hilo. Tulilisema sisi.

Jino likang'olewa. Juma moja baadaye la pili likalegea lenyewe, la nyuma kabisa, ambalo halikuwa na sababu ya kutoka. Shavu likavimba. Halikuwa na joto wala usaha, na mtoto hakulia sana, na hilo ndilo lililotudanganya. Tulizoea kwamba ugonjwa mkubwa unauma. Kukawa na maneno ya karuho, kwamba kuna mtu amemtegea sumu, na siku kumi na moja zikapita kwa mganga wa miti. Kisha kituo cha afya, vidonge, siku saba. Shavu likazidi mpaka jicho la upande ule likaanza kusukumwa juu. Hapo ndipo walipopanda motokari ya mihogo kwenda mjini, mama, mtoto, na mkeka mmoja.

Mjini dokta alitazama mdomoni, akashika taya, akashika na tumbo, akasema inabidi kukata kipande kidogo cha nyama kipimwe. Kilikatwa. Kikawekwa katika kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, kikatumwa mji mwingine, kwa sababu pale hapakuwa na dokta wa kusoma nyama chini ya darubini. Waliambiwa wiki mbili. Wiki ya tatu waliambiwa wangoje. Wiki ya nne mama alikuwa bado analala barazani, amekwisha kuuza kitenge chake kizuri, na sisi tulikuwa tunamtumia sombe na unga kwa motari anayeteremka. Bila jibu la nyama hawakuweza kumwanzishia dawa, maana dawa za kanseri ni kali na hazipewi mtu kwa kubahatisha. Wiki ya tano mtoto alifariki.

Siku ya tisa baada ya maziko, simu ikalia. Jibu limefika. Motari alituletea karatasi ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiloweshe. Sekretari wetu aliisoma Kifaransa, kisha akatueleza: limfoma ya Burkitt. Mama wa mtoto aliuliza kama ni ugonjwa wenye dawa. Sekretari hakujua. Tulikuja kujua baadaye, na tungependelea tusingejua: una dawa.

Hatumshitaki mtu. Wale madokta walifanya kazi kwa vile walivyokuwa navyo, na mmoja wao, tunasikia, alimwombea mtoto kwa jina siku nyingi. Lakini ile karatasi imekaa ndani ya kitabu chetu cha hesabu mpaka leo, na kila mwandishi mpya wa kundi anaikuta.

Sasa tuseme tulichojifunza tangu wakati ule, kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kuwasumbua binti zetu wanaosoma uuguzi.

Ugonjwa huu una jina la dokta Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji pale Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote mbili, na mwaka 1958 akaandika juu ya watoto wengi wa namna hiyo aliowaona Uganda. Halafu alifanya jambo ambalo sisi tunalipenda: aliuliza. Alituma karatasi zenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza, mmewaona watoto kama hawa? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakisimama hospitali baada ya hospitali. Alipochora ramani aliona kwamba ugonjwa unapenda nchi za chini, zenye joto na mvua, na haupendi milima ya baridi. Tazameni uwanda wetu wa Ruzizi, kuanzia hapa Lubarika kushuka Sange na Kiliba mpaka Uvira. Ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Joto lipo. Maji ya mupunga yapo. Mbu hatuna haja ya kuwataja. Hakuna aliyetuambia kwamba tunaishi ndani ya ramani ile.

Mwaka 1964 watafiti watatu huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na mwanamke aitwaye Yvonne Barr, walikuta virusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka kwa mtoto wa Uganda. Ndivyo vinavyoitwa Epstein-Barr. Hapa wamama wengi huogopa, basi tuseme pole pole. Virusi hivi karibu watu wazima wote duniani wanavyo. Vinapita kwa mate. Mama aliyemtafunia mtoto wake chakula asijilaumu, maana angevipata tu kwa ndugu zake, kwa kikombe, kwa mchezo. Kwa watoto walio wengi havifanyi kitu. Lakini malaria inapompiga mtoto mara kwa mara, mwili unashindwa kuvizuia vizuri, na katika watoto wachache sana chembe moja ya damu nyeupe inaharibika katika maandiko yake ya ndani, inaanza kuzaana bila breki.

Na mbio zake ni mbaya. Uvimbe wa Burkitt ni kati ya zile zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Hesabuni wenyewe wiki tano ni siku ngapi.

Lakini kile kinachoufanya uwe mkali ndicho kinachoufanya usikie dawa. Dawa za kanseri zinashika chembe zinazozaana haraka. Huko Kampala taasisi ya kanseri ilianzishwa mwaka 1967 kwa sababu ya watoto hawa, na tangu wakati ule inajulikana kwamba shavu lililovimba kama chungwa linaweza kuteremka ndani ya siku chache baada ya dawa ya kwanza. Kwa hiyo kinachoua hapa, mara nyingi, ni siku za kungoja. Za kungoja nyumbani, na za kungoja karatasi.

Ndipo linapoingia swali la damu.

Kila chembe ya mwili ina maandiko yake, yanayoitwa ADN. Watanzania husema vinasaba. Chembe ikifa inapasuka, na vipande vya maandiko yake vinaingia katika damu, vinaelea humo muda mfupi, kisha vinasafishwa. Uvimbe nao una chembe zinazokufa kila saa, nao unamwaga vipande vyake. Sisi wa mashamba ya mupunga hatuna shida kuelewa jambo hili. Ukiwa shamba la chini na maji ya mfereji yakija mekundu, hupandi mpaka juu kujua kwamba kuna mtu anachimba. Unajua kwa maji. Kazi ya labo ni kuchota maji hayo na kutafuta ndani yake kipande chenye alama ya uvimbe, kipande kimoja katikati ya maelfu ya vipande vizuri. Si rahisi. Ni kama kutafuta punje moja ya mchele wa Pakistani ndani ya gunia la mchele wa Sange.

Mambo haya yalikuwa bado mapya mwaka 1996, na inatugusa kwamba kati ya kanseri za kwanza kabisa kuonyesha alama zao katika damu, zile za kichwa na shingo zilikuwemo: watafiti wa Marekani walizikuta katika damu ya wagonjwa wao na kuliandika mwaka ule. Sisi mwaka ule ule, mwezi wa kumi, vita vilifika Lemera, hospitali ikashambuliwa, na sisi tukawa njiani na mizigo kichwani. Wengine wenu mlizaliwa njiani. Wakati dunia inajifunza kusoma kanseri katika damu, sisi tulikuwa tunatafuta mahali pa kulala.

Mwaka uliofuata dokta mmoja wa Hong Kong, Dennis Lo, aliyekuwa Oxford, aliwaza hivi: ikiwa uvimbe unaacha alama zake katika damu, je, mtoto anayekua tumboni haachi zake katika damu ya mama? Akatafuta, akakuta. Tumelitaja kwa furaha tu, maana ni vizuri wamama wajue kwamba kila mimba waliyobeba ilipita katika damu yao.

Huyo huyo na wenzake wa Hong Kong wakarudi kwenye kanseri. Kwao kuna kanseri ya nyuma ya pua, mahali pua inapokutana na koo, nayo inaambatana na virusi vile vile vya Epstein-Barr. Walichukua damu ya wanaume zaidi ya 20,000 wasioumwa kitu, wakatafuta ADN ya virusi. Wale ambao damu yao ilionyesha mara ya kwanza na ikaonyesha tena mara ya pili walikuwa 309. Kwa hao, baada ya kuangalia ndani ya pua, walikuta wenye kanseri 34, na wengi wao ilikuwa bado ndogo: 71 kwa mia walikuwa katika hatua mbili za mwanzo, mahali ambapo kwa kawaida ni 20 tu kwa mia wanaowahi hivyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017.

Tafadhali mshike namba zote mbili, 309 na 34. Zaidi ya watu mia mbili na sabini waliitwa, wakalala na hofu, na kanseri haikuonekana. Damu kuonyesha virusi si sawa na kuwa na kanseri. Na kwetu shida hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu watoto wetu wanabeba virusi hivi toka uchanga na malaria inaviamsha katika damu. Ukipima watoto mia wa Lubarika wakati wa mvua, wangapi hawataonyesha? Kwa hiyo yeyote atakayekuja hapa siku moja na kidude cha kuchoma kidole, akisema kinaonyesha kanseri ya taya kwa dola kumi, mwonyesheni barabara ya kurudi.

Ndiyo maana kinachofanyika Tanzania na Uganda kinatupendeza. Kuna utafiti uitwao AI-REAL, unaounganisha Chuo Kikuu cha Oxford na hospitali za kwetu Afrika ya Mashariki, Muhimbili ya Dar es Salaam ikiwemo, na Lacor ya Mtakatifu Maria huko Gulu. Kati ya waliouandika yumo dokta mwanamke wa magonjwa ya damu wa Muhimbili, Clara Chamba. Walichukua damu ya watoto na vijana wenye dalili za limfoma za namna hii, na hawakutafuta virusi peke yake. Walitafuta pia kasoro yenyewe ya Burkitt, ile ambayo kipande cha maandiko kiitwacho MYC kimehama mahali pake na kubandikwa pasipostahili. Virusi ni kwa kila mtu. Kasoro hiyo pamoja na virusi pamoja na taya lililovimba, hapo maneno yamekuwa mengine. Nia yao ilikuwa kwamba jibu litoke kwa siku, si kwa miezi, na lisomwe huku huku, damu isisafirishwe Ulaya.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza: ndiyo, ni kweli, lakini ni utafiti. Nyama bado ndiyo inayotegemewa kuanzisha dawa. Na damu nayo ina masharti yake. Ikichotwa inapaswa kuzungushwa kwenye mashine upesi ili maji yake yatengane na chembe, au iwekwe katika vichupa vya pekee, kwa maana chembe nzima zikifa ndani ya kichupa zinamwaga maandiko yake na kuifunika ile alama ndogo unayoitafuta. Halafu inahitaji mashine ya kusoma ADN, umeme usiokatika, dawa za labo, na mtu aliyesomea. Mama mzee mmoja alisikiliza yote hayo akasema, “Basi ni kama friji ya chanjo, tuliambiwa nayo haiwezekani.” Yeye anakumbuka. Leo friji ipo, na chanjo zipo.

Mwingine aliuliza jambo ambalo hatukutaka kulipita. Damu ya mtoto wangu ikienda mbali, inakwenda kufanya nini? Tunajua maneno yanayozunguka hapa, kwamba kuna watu wanauza damu. Jibu letu ni kwamba katika utafiti wa haki mzazi anaelezwa kwa lugha anayoielewa, anaweka sahihi au dole gumba, anaweza kukataa, na akikataa mtoto anatibiwa vile vile. Kinachochukuliwa ni kijiko kimoja au viwili. Na kwa mtoto aliyekwisha kukatwa taya mara moja, kijiko cha damu si kitu cha kuogopwa sana. Lakini haki ya kuuliza ni yetu, tuitumie.

Mwaka wa pili baada ya kile kilio, shavu lingine likavimba.

Safari hii alikuwa msichana wa miaka mitano, wa mwenzetu mwingine, upande wa mfereji. Meno mawili yamelegea kwa wakati mmoja, ufizi umenenepa, hakuna maumivu. Mama yake alikuja jioni akiwa bado na jembe begani. Yule aliyempoteza mtoto wake alikuwepo. Aliweka kidole ndani ya mdomo wa yule msichana, akakitoa, akasema neno moja kwa Kifuliiru, na hatukungoja siku ya posho. Sanduku jekundu lilifunguliwa usiku ule ule kwa taa ya simu. Lilikuwa na franga za kufikisha watu wawili mjini na kuwalisha wiki mbili. Asubuhi walikuwa barabarani.

Hakukuwa na kipimo cha damu cha namna tuliyoieleza. Alikatwa nyama kama yule wa kwanza, na kichupa kikasafiri kama kile cha kwanza. Tulichobadilisha ni sisi wenyewe. Tuliuliza kichupa kinaondoka siku gani, na gari gani, na kinapokelewa na nani. Tuliacha namba tatu za simu, si moja. Ndugu wa mmoja wetu anayekaa mji ule mwingine alikwenda mlangoni mwa labo kila Jumatatu na kila Alhamisi, kwa adabu, na kusimama. Tunadhani walimchoka. Jibu lilitoka siku ya kumi na saba. Lilikuwa lile lile.

Dawa zilianza siku iliyofuata. Wamama, msidhani ni vidonge vya kurudi navyo nyumbani. Uvimbe mkubwa ukifa kwa mara moja, takataka zake zinaingia katika damu zote kwa pamoja na zinaweza kuziba figo, kwa hiyo mtoto anapitishiwa serumu nyingi, mchana na usiku, na mkojo wake unapimwa. Mama yake alikuwa akiandika vikombe vya mkojo ukutani kwa makaa. Siku ya nne shavu lilianza kushuka. Siku ya saba alitupigia simu na hakusema kitu, alimpa mtoto simu, na mtoto akaomba ndagala.

Miezi ilikuwa mirefu. Nywele zilitoka zote. Barabara ilifungwa mara mbili na mara moja dozi ikachelewa, na hizo ndizo siku ambazo hatukulala. Lakini alimaliza.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo, kwa mawazo yetu, kipimo cha damu kingetusaidia kuliko yote, hata kuliko kutambua ugonjwa. Tangu mtoto arudi, mama yake anamshika taya kila asubuhi kabla hajamwosha uso. Kila jino linalocheza, naye yuko katika umri wa meno kucheza, ni tumbo kukatika. Amempeleka kituo cha afya mara tano kwa kitu kisichokuwa kitu. Dokta anashika, anasema sioni kitu. Lakini kidole kinapoona kitu, uvimbe umekwisha kuwa na chembe nyingi kupita hesabu. Anachotaka mama yule ni mtu wa kumwambia, kwa jambo lililo chini ya kidole: umekwisha, au umeanza tena.

Huko Marekani wanafanya jambo la namna hiyo kwa watu wazima wenye kanseri ya koo inayotokana na virusi vya papiloma, vile vile vinavyoleta kanseri ya mlango wa kizazi ambayo tumeandika juu yake mara nyingi. Watafiti walifuata wagonjwa 115 baada ya matibabu, wakapima damu yao kila baada ya miezi michache kutafuta ADN ya virusi vile. Wale ambao damu yao ilibaki safi muda wote walikuwa 87, na hakuna hata mmoja ambaye kanseri ilimrudia. Wale ambao damu ilionyesha mara mbili mfululizo walikuwa 16, na kwa 15 kati yao ilikuwa imerudi kweli. Ilitangazwa mwaka 2020. Ni watu wachache, na si ugonjwa wa mtoto wetu, na koo la kwetu lina mambo mengine: kwa wazee wetu tumbaku na kanyanga ndizo zinazochoma mdomo na koo, na hizo haziachi virusi vya kutafuta. Wazee wanaosomewa gazeti hili na wake zao wamesikia.

Tulipoisoma habari hiyo kwa sauti tuligawanyika. Baadhi yetu walisema wangetoa hata mbuzi kwa kipimo kama kile. Wengine, na si wajinga, walisema: nikiambiwa damu imeonyesha, na dawa za mara ya pili ziko mbali, na barabara imefungwa, nimepata nini ila miezi ya kulia kabla ya wakati? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mama wa msichana hakusema kitu muda wote. Mwishowe tulimwuliza yeye. Alijibu kwamba anamshika taya kila asubuhi hata hivyo, basi afadhali ajue anachoshika.

Tumekubaliana mambo mawili, nayo yameandikwa katika kitabu. La kwanza, mtoto yeyote wa mwanachama au wa jirani ambaye meno yamelegea bila sababu, au shavu, au jicho, au tumbo limevimba, na juma moja limepita, sanduku jekundu linafunguliwa siku hiyo hiyo bila mkutano, na anaondoka. Tutamwuliza dokta kwa jina: inaweza kuwa Burkitt? Hakuna aibu kutaja jina la ugonjwa mbele ya dokta. La pili, sekretari ataandika barua kwa madokta wa watoto mjini kuuliza ikiwa wanaweza kuwasiliana na wale wa Muhimbili au Lacor, ili siku njia ikifunguka, watoto wa uwanda huu wahesabiwe. Barua imeandikwa. Inangoja muhuri.

Mchango wa sanduku jekundu umepanda kutoka franga 500 mpaka 700 kwa juma, kuanzia siku ya posho ijayo. Sanduku lina kufuli tatu, kama mnavyojua. Ufunguo wa kwanza uko kwa prezidenti, wa pili kwa mhasibu. Wa tatu, kwa kura ya wote, tumempa mama wa yule mtoto wa kwanza, na anakaa nyumba ya pili toka mfereji, kwa yeyote atakayemhitaji usiku.